Mwaka Nilioisingizia Betri

Mwezi uleule tuliomzika Otmari, fundi mwenzangu wa zamani, vijana wa Mbinga waliniita kwenye semina yao ya kampuni changa za teknolojia. Walinikalisha mbele, wakaniwekea chupa ya maji na daftari jipya, wakanitambulisha kuwa mimi, Bibi Frasia, ni mwanzilishi. Mwanzilishi wa nini hawakusema, nami sikuuliza. Kijana mmoja mwenye maneno mazuri, Fidelis, akaangaza picha ukutani na kutusimulia habari za kampuni moja kubwa ya chipu huko Marekani: ilivyoanza na watu wachache wasio na jina, ikatengeneza chipu za michezo ya kompyuta huku watu wakiiona ya kitoto, na leo mataifa yanapanga foleni kununua bidhaa zake kwa ajili ya hizi mashine zinazojibu maswali kama binadamu. Kisha akatupa masomo, moja baada ya jingine. Alipofika la nne akasema, "Kosea mapema, kiri mapema." Akaeleza kuwa chipu ya kwanza ya kampuni ile haikufaa, mwenye kampuni akamwendea mteja aliyekuwa akimtegemea, akamwambia wazi kwamba wamepotea njia, mteja akamvumilia, kampuni ikapona. Watu wakaandika. Fidelis akabonyeza kitufe, picha ikapita, tukahamia somo la tano.

Ebo! Hivyo tu? Nilikaa vibaya kwenye kile kiti. Nilitaka kusimama nimwambie, rudi hapo, mwanangu, rudi hapo nyuma kidogo. Huyo bwana aliposhika njia kwenda kwa mteja alikuwa amekula? Alipiga hodi mara ngapi? Na kabla hajakiri, nani alibebeshwa kosa lake? Sikusimama, maana mtu mzima akikatiza kijana mbele za watu wanasema ana wivu. Lakini tangu siku ile situlii. Nachemsha chai nasahau kuinywa, naingia chumbani nasahau nilichofuata. Otmari yuko chini ya udongo wa kijijini kwao Ruanda, hapahapa Mbinga, na ndiye mtu pekee aliyejua kitu hiki chote kama mimi ninavyokijua. Basi nitakisema mwenyewe, na atakayeona nimejianika aseme.

Miaka ile tuliiita miaka ya ruksa. Vitu vilivyokuwa haramu juzi vilimwagika sokoni leo: sabuni za kila rangi, mitumba, baiskeli, na redio kaseti zenye spika mbili na taa nyekundu zinazochezacheza. Kahawa nayo ilifunguliwa. Kabla ya hapo ilikuwa ya chama cha ushirika peke yake, sasa wanunuzi binafsi walipanda Mbinga na mizani zao, wakala kuku, wakalala kwenye vyumba vya kupanga. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja, na nilikuwa fundi redio, msichana pekee katika kazi ile mjini pale. Otmari alinizidi miaka kumi. Yeye ndiye aliyenifundisha, kisha akanifanya mshirika, tukagawana meza moja, yeye upande wa dirisha na mimi upande wa mlango. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya soko, katika nyumba ya Mama Gaspara, mjane aliyepika kwa ajili ya wapangaji wake wote kwenye sufuria moja kubwa. Chumba kilinuka risasi ya kulehemu, mafuta ya taa na maharage, na kuanzia Juni ukungu uliingia mle ndani kama una ufunguo wake. Asubuhi ungepitisha kidole juu ya redio ya mteja kikatoka na maji.

Otmari alikuwa na ugomvi binafsi na ule ukungu. Aliamini magonjwa yote ya redio yanatokana na unyevu, na kwa hali ya hewa ya Mbinga hakuwa amekosea sana. Kila sanduku lililotoka mikononi mwake aliliziba pembe zote kwa nta ya mishumaa, akaweka mpira wa tairi kuzunguka mfuniko, akakaza skrubu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kazi yake kubwa, aliyoipenda kuliko kula, ilikuwa kutengeneza amplifaya, mashine za kukuza sauti, za makanisa na vilabu. Transfoma alizisuka mwenyewe kwa mkono, mzunguko juu ya mzunguko, akihesabu kwa Kimatengo chinichini. Ukimsemesha wakati anahesabu, hiyo wiki umeiharibu. Juu ya mlango alipaka rangi jina lake, OTMARI MBINGA, na jina hilohilo alilipaka kwenye kila sanduku. Langu halikuwepo, na siku zile sikuona tatizo.

Ukuta uliotutenganisha na chumba cha pili ulikuwa wa mbao, na huko walilala wanunuzi. Tulisikia kila kitu. Mchana mmoja wa mvua, mfanyabiashara aliyeleta redio kaseti kutoka Dar alikuwa akimsifia mwenzake mali yake. "Hii ikifa unatupa, unanunua nyingine," alisema. "Siku za mafundi zimekwisha, ndugu yangu. Watakufa njaa na pasi zao za kulehemu mkononi." Wakacheka. Otmari aliendelea kuhesabu mizunguko yake kana kwamba hajasikia, ila midomo ilikwenda haraka kuliko waya. Niliangalia rafu yetu: redio za wateja zilikuwa tatu, na mwaka uliotangulia tulikuwa tukizipanga mpaka sakafuni. Mama Gaspara akaingia na sahani za ugali, akatutazama, akasema, "Kuleni. Aliyesema mtakufa njaa hajaonja maharage yangu." Otmari akacheka kidogo. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilijua yule bwana amesema kweli.

Siku chache baadaye tuliletewa redio kaseti iliyoungua. Niliifungua nikabaki mdomo wazi. Mahali ambapo sisi tungepanga transista nane na transfoma mbili, palikuwa na kidude kimoja cheusi chenye miguu pembeni kama jongoo, kimebanwa kwa skrubu kwenye kibati cha alumini. Hiyo ndiyo chipu. "Kaka Otmari," nikamwita, "njoo uone. Meza yetu yote imo humu ndani." Akaja, akainama, akakigonga kwa kucha. "Kifungue tuone," akasema. Nikamwambia hakifunguki. "Basi," akasema, "kitu kisichofunguka si cha fundi, ni cha muuza duka." Tuligombana wiki nzima, wakati wa kula na wakati wa kufagia. Nilimwambia tukiendelea kusuka waya tutaishia kuwa vinyozi. Akaniambia nina haraka kama mtu anayekimbia deni. Kweli nilikuwa na haraka, sikatai. Mwishowe nilimpa dereva wa lori karatasi yenye namba za ile chipu, akatuletea pakiti kutoka Dar. Nikaunda amplifaya ya kwanza peke yangu, Otmari akiwa amenipa mgongo. Ilipoimba aligeuka. Alisikiliza kichwa kikiwa upande, akasikiliza tena, kisha akasema, "Sanduku nitaliziba mimi." Hiyo ndiyo ilikuwa ndiyo yake.

Kile kibati cha alumini tulikiacha. Naliandika hili polepole kwa sababu ndipo ulipo msiba wote. Tulikiona ni cha kushikilia tu chipu isicheze, na sisi chipu yetu haikucheza, tuliilehemu vizuri. Katika Mbinga ya mwezi wa Julai, ambako tulilehemu tukiwa tumevaa masweta na Otmari ana kofia ya sufu masikioni, hakuna aliyefikiri habari ya joto. Joto kwetu lilikuwa kitu cha kutafutwa, unalifuata jikoni kwa Mama Gaspara. Tuliliwasha sanduku lile siku tatu mfululizo, likaimba, nikaligusa likawa vuguvugu, Otmari akasema angalau litatusaidia kuota moto.

Mteja alikuja wiki hiyohiyo. Aliitwa Mwalimu Yohana, mwalimu mkuu na kiongozi wa kwaya kutoka kijiji kimoja cha ufukweni, huko chini ziwani, kusini mwa Mbamba Bay. Alifika anatetemeka, amejifunga khanga ya mkewe shingoni, akanywa chai vikombe vitatu kabla hajasema shida yake. Tulimcheka, Mungu atusamehe, tukamwambia watu wa ziwani ni vifaranga. Alikuwa na jambo kubwa: makanisa sita ya ufukwe ule yamechanga mwaka mzima, samaki, muhogo na mpunga vikauzwa, yanataka amplifaya sita za kutumia betri ya gari, kila kanisa na yake, kabla ya sikukuu yao ya kwaya. "Shikamoo Mwalimu," nilikuwa nimemwamkia alipoingia, na sasa nilitamani kumpigia magoti kabisa. Masanduku sita! Tuliunda kwa mwezi mmoja. Mimi nililehemu, Otmari akaziba kwa nta na mpira, tena safari hii mara mbili, akisema upepo wa ziwa una unyevu. Akapaka jina lake kwenye yote sita.

Niliyapeleka mwenyewe kwa lori. Tulipopita Tingi, njia ikitelemkia ziwani, nilivua sweta, na kabla hatujafika chini nilikuwa nimevua soksi. Nilifika kila kijiji asubuhi mapema, wakati upepo wa ziwani bado ni baridi, nikafunga, nikawasha, yakaimba. Watu walishangilia. Betri ilikuwa mikononi mwa Mama Tabitha, mweka hazina wa kanisa la kijiji cha Mwalimu, mama mfupi asiye na mzaha aliyekwenda na betri kichwani mpaka kwenye mashine ya kusaga, akaichaji huko na kuirudisha bila kumwachia mtu mwingine aiguse. Alinipikia ugali wa muhogo na samaki wa mbasa, akanisimamia mpaka nikamaliza. Nilipanda Mbinga nikiimba, nikamwambia Otmari tumekuwa kampuni.

Wiki tatu baadaye ikaja barua ya Mwalimu Yohana. Sanduku lao limekufa katikati ya ibada, njoo. Nilitelemka nikafika saa sita mchana, jua la utosi, kanisa limejaa watu wananisubiri. Nililiwasha, likakoroma kidogo likafa tena; niling'oa ile nta na mpira, nikafungua mfuniko, na hewa iliyotoka humo ilinipiga usoni kama mvuke wa sufuria. Nikaweka kidole juu ya chipu. Kikaungua. Papo hapo nikaelewa kila kitu: kile kibati kilikuwa cha kutoa joto, na sisi, watu wa baridi, tulikitupa, kisha tukaifungia chipu ndani ya sanduku lisilo na tundu na kuileta mahali ambapo hata kivuli kina joto. Na matano mengine yako hivyohivyo. Mwalimu akaniuliza, "Fundi, tatizo nini?" Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikawaona wale watu, nikaliona jina la Otmari kwenye sanduku, nikamsikia yule bwana wa nyuma ya ukuta akicheka. Kila fundi ninayemjua ana neno moja la akiba la kumwambia mteja, nami nikalitoa. "Betri," nikasema. "Betri haikuchajiwa vizuri, ikaua mashine."

Kanisa zima lilimgeukia Mama Tabitha. Sitasahau. Mtu mmoja nyuma akasema si ajabu, kaka yake ana kilabu cha pombe, na pale muziki haukosekani. Mwingine akasema ndiyo, na yeye aliusikia. Basi ikawa hivyo: betri ya kanisa ilikuwa ikiimbisha walevi. Mama Tabitha akasema, "Mimi? Betri ya Mungu?" Akanitazama mimi, wala si wao, akangoja niseme neno. Nikainama kukusanya bisibisi zangu. Nilibadilisha chipu, sanduku likaimba kwa muda mfupi, nikalizima upesi na kudai ninawahi lori. Kabla sijaondoka walikuwa wamemnyang'anya betri na ufunguo wa sanduku la hazina. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema. Mimi nilipanda mlima ule na wangu, na usufi wake ulikuwa na uzito wa mawe.

Otmari nilimweleza siku hiyohiyo. Alikataa. "Chipu haina homa," alisema. Nikamwonyesha kidole changu chenye lengelenge. Akakitazama, akakaa. Kisha akasema hili si la kuamua peke yake, na wiki iliyofuata akalipeleka kwenye sengu. Kwetu Wamatengo, wanaume wa ukoo mmoja walikuwa wakikutana kula kwa babu yao, kila mke akileta chakula chake, na hapo ndipo mambo ya ukoo yalipokatwa: mashamba, mahari, kesi. Hiyo ndiyo sengu. Mimi si wa ukoo wao, na ningekuwa wa ukoo nisingekaa pale pia, kwa hiyo nilikaa jikoni na Mama Otmari, tukasikiliza kupitia ukuta wa mabanzi. Otmari alieleza vizuri, bila kupunguza. Mtu mmoja akasafisha koo. Babu yao akauliza, "Sanduku lina jina la nani?" Wakamwambia la Otmari. "Basi Otmari haendi," akasema. "Mtu halichimbii jina lake kaburi. Hao watu wa ziwani wamekwishaambiwa betri, waacheni na betri. Betri haina ndugu." Wakacheka wote, mikono ikarudi kwenye chakula. Otmari peke yake sikumsikia. Mama Otmari alikuwa akisonga ugali wa pili. Bila kuinua macho aliuambia ule ugali, "Na huyo mama wa betri, naye hana ndugu?"

Kesho yake Otmari alinikuta nimefunga mfuko wangu: chipu zilizobaki, pasi, kekee ya kutobolea, msumeno wa chuma na sufuria mbili za alumini nilizonunua sokoni. Alisimama mlangoni chini ya jina lake. "Mimi nimefuata wakubwa," akasema. "Ukienda umekwenda kwa jina lako, langu uliache. Na chumba hiki, Frasia, usirudi." Nilimwuliza kama anasema kweli. Akasema anasema kweli, na machozi yalikuwa yanamlengalenga, mpumbavu yule. Nilimpenda Otmari kama ndugu wa tumbo moja, na asubuhi ile nilimchukia hivyohivyo, nikaubeba mfuko nikampita pale mlangoni. Kwa miaka mingi baadaye tulipishana sokoni kama watu wasiojuana. Ni kwenye matanga yake, mwezi ule wa semina, ndipo mkewe aliponinong'oneza kwamba kuanzia mwaka ule Otmari hakuziba tena sanduku, kila alilotengeneza alilitoboa pembeni, na alipoulizwa sababu alitoka nje.

Nilifika kijijini kwa Mwalimu Jumapili, watu wakitoka ibadani. Siku kumi na moja zilikuwa zimepita. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, mazuri, yenye joto na alumini na utaalamu mwingi, nikitumaini kwamba kosa likielezwa kitaalamu halitanuka sana. Nilipomwona Mama Tabitha amesimama peke yake kando ya mlango, wenzake wote wako upande mwingine, maneno yale yakayeyuka. Nikamwomba Mwalimu anipe nafasi, akanipa. Nikasema, "Betri ilikuwa nzima. Mama huyu hakukosa kitu. Mashine tuliiunda vibaya, nikaliona kosa siku ileile, nikawadanganya." Kidole kilianza kuniuma upya, wallahi. Mwalimu Yohana aliuliza kwa upole, "Binti, ulijua siku ileile, ukaondoka?" Nikasema, "Niliogopa, Mwalimu." Sikumtaja Otmari. Nusu ya lile kosa la mashine ilikuwa yake, lakini uongo wa betri ulikuwa wangu mzima.

Nilidhani Mama Tabitha atalia, au atanisamehe, kama inavyotokea katika mahubiri. Alinijia mpaka nikasikia pumzi yake. "Siku kumi na moja," akasema. "Siku kumi na moja nimekwenda kisimani baada ya wenzangu kuondoka. Mdogo wangu wa tumbo moja ameniuliza kama ni kweli. Hizo utanirudishiaje?" Nikasema samahani, akaipungia mkono kama nzi. "Samahani ni yako, kaa nayo. Sikiliza. Habari yangu imekwenda ufukwe mzima. Sasa utayatengeneza masanduku yote sita, na mimi nitakuwepo nikiona. Kila kijiji, kabla hujashika bisibisi, utasema ulivyosema hapa. Na tutayajaribu saa sita mchana, si asubuhi. Asubuhi kila kitu kinaimba."

Ndivyo tulivyofanya. Nilikata zile sufuria vipande, nikavitoboa, nikabana kila chipu kwenye kipande cha alumini kikubwa kama kiganja, na mbavu za kila sanduku nikazitoboa matundu. Mama Tabitha alikaa kwenye kigoda akinitazama mikono. Alipoiona chipu ya kwanza alisema, "Kumbe mlikuwa mnaipika," na hilo ndilo neno pekee la kiufundi alilonipa. Tulitembea mchangani kutoka kijiji hadi kijiji, yeye mbele na betri kichwani, aliyokuwa amerudishiwa mbele za watu na sasa hakumruhusu mtu hata kumtua. Tulilala kwa ndugu zake, tukala dagaa wa usipa asubuhi, mchana na jioni, tukasemezana kidogo sana. Kijiji cha pili nilisema sauti ikinikatika. Cha tatu kijana mmoja alizomea, Mama Tabitha akamnyamazisha kwa kumtazama. Cha nne bibi mmoja alisema watu wa milimani ndivyo walivyo, nikameza. Cha tano nilianza kuyazoea maneno, yakatoka mepesi kama salamu, na hilo lilinitisha kuliko kuzomewa. Usiku ule niligeukageuka kwenye mkeka, nikijiuliza kama ningerudi kabisa iwapo Mama Tabitha asingenitazama vile siku ya uongo wangu.

Kijiji cha sita kilikuwa mbali, nyuma ya mawe, na tulifika jua likipanda. Walitupokea kwa nderemo, hawakuwa na neno. Sanduku lao walikuwa hawajaliwasha hata mara moja tangu nilipolileta, walilitunza kwa ajili ya sikukuu, limefunikwa kitambaa cha kufuma juu ya meza. Mama Tabitha akanivuta kando. Alikuwa amechoka, shingo imemkaza kwa ile betri. "Hawa habari haikuwafikia," akasema. "Hapa hakuna aliyenisengenya. Fanya kazi yako twende, leo usiseme." Nikashukuru moyoni, siwezi kuficha. Nilifungua, nikabana alumini, nikatoboa matundu, nikawaambia ni marekebisho madogo. Saa sita ikafika, jua likawaka juu ya bati, tukaunganisha betri. Sanduku likaimba. Kwaya ikaimba nalo wimbo mzima, kisha wa pili, kisha wa tatu, nikaweka kidole kwenye alumini na hakikuungua.

Mzee wa kanisa akanishika mikono yote miwili. "Ubarikiwe, fundi," akasema. "Ungetuacha tukaaibika siku ya sikukuu, lakini umetukumbuka ukaja mwenyewe." Watu wakapiga makofi. Nikamtazama Mama Tabitha. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake ukutani, anajipepea na upande wa khanga, na hakuwa ananitazama. Aliyekuwa na haki ya kunidai alikuwa ameniachia, na makofi yalikuwa matamu. Otmari hakuwepo, Mwalimu hakuwepo, njia ya kurudi ilikuwa nyeupe. Nikanyoosha mkono nikalizima sanduku. Kwaya ikanyamaza, wote wakageuka.

"Ndugu zangu," nikasema, "kabla hamjanishukuru, nijueni kwanza."